Aliyefungua Geti

Nyumba za Reli, 6 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Salamu. Mimi na wifi yako ni wazima wa mwili. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, maana huku bondeni mtandao wa simu bado ni hadithi, na kibandani kwangu polisi wamebeba kila kitu, simu ya ukutani, daftari, hata kalenda.

Ulifika salama? Sikupata habari yako.

Nakuandikia kabla hujayasikia kwa watu. Jumatatu, siku uliyokuwa njiani, treni ya saa nne ilichelewa. Nilifunga geti saa nne na dakika kumi kama ratiba inavyotaka, watu wakajaa pande zote mbili wakaanza kunung'unika, wengine wakinitaja kwa majina ambayo siyaandiki hapa. Saa tano kasoro robo nikazungusha gurudumu nikafungua. Treni ikatokea kwenye kona. Wengi walirudi nyuma, lakini mama wa maziwa, yule wa baiskeli na madumu mawili, alikuwa ameshafika katikati ya reli. Yuko hai. Wamemkata mguu wa kulia, juu ya goti.

Nililala polisi usiku mmoja, wakaniachia kwa dhamana. Kazini nimesimamishwa. Kesi itasikilizwa tarehe 28 Aprili, na wakili wa chama cha wafanyakazi anasema nikikutwa na hatia naweza kufungwa mpaka miaka minne. Sikufichi.

Usiniulize kwa nini nilifungua. Miaka ishirini na mbili nimelinda geti lile na halijawahi kugusa hata kuku wa mtu. Nilifungua, basi.

Kula vizuri huko ulipo.

Kaka yako

*

Chumba nambari 9, 13 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara tatu nimesimama, ya nne nikakaa chini. Nimemwona mama wa maziwa mbele ya macho yangu mchana kutwa, na jinsi anavyopenda kuegemeza baiskeli kwenye ukuta wetu mpaka rangi imebanduka.

Nilifika salama, usiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimechoka sana, nikalala moja kwa moja, sikukumbuka hata kupiga. Unisamehe.

Kazi nimeanza. Karakana ina cherehani kumi na nne, tunashona mashuka na makoti ya wauguzi. Msimamizi wetu ana miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, na akitafuta kalamu anashika ya kichwani. Chumba ni kidogo, nikinyoosha mkono kitandani nafika kwenye jiko.

Sasa tuje kwenye lililo kubwa. Wifi ameniandikia. Anasema wakili amekuletea karatasi ya kusaini, itakayokuokoa, na wewe umeiweka chini ya redio kama bahasha ya mwaliko wa harusi ya mtu usiyempenda. Kaka, una akili timamu? Miaka minne. Wewe una miaka arobaini na sita na kifua kinachokohoa kila mvua ikinyesha. Wifi amebaki kuzungumza na sufuria.

Saini hiyo karatasi. Ikiwa tatizo ni kalamu, nakutumia ya kwangu.

Mdogo wako,
Sindano

*

Nyumba za Reli, 24 Machi

Sindano,

Kalamu ninayo.

Wakili ni kijana mzuri, anafunga tai hata kwenye joto hili. Karatasi yake inasema hivi, nanakili: "Kwa sababu ya mazoea ya muda mrefu kazini, mkono wa mshtakiwa ulitenda pasipo yeye kukusudia wala kuamua." Daktari amesaini chini, na muhuri juu yake. Amenieleza kwamba mtu akirudia jambo moja miaka mingi, mwili hulifanya wenyewe na kichwa huja kuarifiwa baadaye. Nikiongeza saini yangu, anasema, huenda nikalala nyumbani siku hiyohiyo.

Nimeifikiria sana, maana siku hizi sina kazi nyingine. Wifi yako haniongeleshi, ila chakula ananiwekea, anakitua mezani kwa kishindo. Nilikwenda hospitali na machungwa, mama wa maziwa akakataa kuniona. Machungwa nikamwachia mlinzi.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mama alipofariki ulikuwa na miaka sita, na baba mdogo alikuja na gari kukuchukua. Mimi nilikuwa na barua ya chuo cha ufundi mfukoni, nianze Jumatatu. Nilisimama mlangoni nikamwambia mtoto haendi popote. Baba mdogo akacheka, akaniuliza nitakulisha nini. Nikasema hilo ni langu. Jumatatu ile, badala ya chuo, nikaenda reli kuomba kazi yoyote.

Sikuandikii haya ili unishukuru, maana ukianza kunishukuru nitachana barua. Ni kwamba katika maisha yangu yote hicho ndicho kitu kimoja ambacho nikiulizwa nani alikifanya, nasema mimi. Sasa nikisaini kwamba ndani yangu kuna mikono inayojiendea, aliyesimama mlangoni siku ile alikuwa nani? Ikiwa mkono wa getini ulijiendea, na ule uliokushika bega mlangoni nao ulijiendea. Siwezi kuchambua, hili langu, hili si langu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Ndiyo hivyo. Wifi yako akikuandikia tena, mwambie supu ya jana ilikuwa nzuri. Mimi hataki kunisikia.

Kaka

*

Chumba nambari 9, 2 Aprili

Kaka yangu,

Ile habari ya chuo. Miaka yote nilidhani unaipenda reli. Nilidhani ulizaliwa na filimbi mdomoni. Nimelia, nikanawa uso, nikarudi kwenye cherehani kwa sababu makoti hayajishoni. Sikushukuru, umesema nisishukuru.

Ila nakujibu, na usinune.

Ulisimama mlangoni kwa sababu Mama alikulea ukawa mtu wa kusimama mlangoni. Ungezaliwa na moyo wa baba mdogo, ungenipandisha garini na begi langu, ukaenda chuo, na leo ungekuwa na kitambi. Huo moyo ulionao uliuchagua dukani? Mimi ulimi huu mkali niliuomba? Tumekutana navyo tu, kaka, navyo ndivyo vinavyotuendesha, kisha tunajisifu au tunajilaumu kana kwamba tulikuwepo vilipokuwa vinagawiwa.

Wiki iliyopita msimamizi aliniita, nikaitika, nikageuka kumtazama, na miguu ikaendelea kukanyaga. Nimejishona kidole cha shahada, sindano imetokea upande wa pili. Nani alishona? Sikutaka, sikuamua, wala sikujua mpaka niliposikia maumivu. Ndivyo binadamu tulivyo. Na wewe ni vilevile. Watu wanapiga kelele, jua kali, simu inalia ghafla pale ukutani, mkono umeshafika kwenye gurudumu kabla kichwa hakijaamka. Yeyote angefungua. Mtu akishindwa kufanya vingine, hana lawama, hata mtoto mdogo anaelewa.

Tafadhali. Usijipeleke jela kwa ajili ya fahari. Kesi imebaki siku ishirini na sita, nazihesabu kila asubuhi kabla sijavaa viatu.

Sindano

*

Nyumba za Reli, 9 Aprili

Sindano,

Barua yako nimeisoma, kisha nikairudia pale ulipotaja simu.

Polisi niliwaambia nilifungua. Wakili nilimwambia nilifungua. Wifi yako, ninayelala naye kitanda kimoja, nilimwambia nilifungua. Hakuna kiumbe niliyemwambia kwamba simu ililia.

Nijibu hilo tu. Mengine yatasubiri.

Kaka

*

Chumba nambari 9, 15 Aprili

Kaka,

Ni mimi.

Basi lilifika saa tano kasoro dakika ishirini. Ulikuwa umeniambia nisipige kibandani kabla ya saa tano, kwa sababu ya treni. Nilitazama saa ya ukutani pale stendi, niliiona vizuri kabisa. Nikajisemea treni ya saa nne imeshapita zamani, kwani robo saa ni nini. Nilitaka nimalize, nikalale. Nikapiga, nikaacha ilie mara mbili, nikakata, kama tunavyofanya tangu nilipoanza kusafiri, mara mbili maana yake nimefika. Nikajisikia vizuri. Nikanunua chai.

Kisha ikaja barua yako na ile saa uliyoiandika, saa tano kasoro robo. Nilijua papo hapo. Nilifikiri mlio ulikushtua ukafungua bila kutazama. Nikakudanganya kwamba sikupiga. Na ulipokataa kusaini, nikaanza kukuhubiria kwamba hakuna mtu anayechagua jambo lolote. Unajua sasa nilikuwa namtetea nani.

Nimejaribu kuyaamini yale niliyokuandikia, kaka. Mchana nayaamini kidogo. Halafu nakumbuka kidole changu. Kile nilichojishona kilijiendea, sawa, hata msimamizi aliona. Lakini kilichobonyeza namba ya kibandani hakikujiendea. Kilibonyeza tarakimu saba, moja moja, na saa ilikuwa mbele yangu ukutani.

Wewe ulijua? Ulipoandika "sikupata habari yako", ulijua?

Sijui nisaini vipi barua hii.

Sindano

*

Nyumba za Reli, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Nilijua. Nilikuuliza kama ulifika ili ukidhani sikujua, ulale. Wote wawili tumedanganyana kwa mapenzi, na hakuna aliyelala.

Sasa kaa chini, kuna kitu hukijui. Mlio wako haukunishtua. Stesheni masta mpya, aliyekuja mwezi wa pili, si mtu wa maneno. Yule wa zamani alikuwa akipiga simu tunaongea, namuuliza mpaka hali ya mgongo wake. Huyu alileta utaratibu wake: mlio mmoja mrefu, treni inakuja, usiguse gurudumu. Milio miwili na kukata, treni imezuiwa stesheni, fungua watu wapite.

Siku ya kwanza niliposikia utaratibu huo nilikukumbuka wewe. Nikasema lazima nimwambie Sindano tubadilishe, tuwe na milio minne. Ulikuwa nyumbani, chumba cha pili, unafunga mizigo. Nilikuwa naamka na jambo hilo na jioni narudi nalo. Nitamwambia kesho. Wiki tatu nzima. Jumapili ya safari nilikubebea begi mpaka stendi, na njia nzima tulizungumza habari ya mfuniko wa sufuria uliousahau.

Halafu ile Jumatatu. Hili sijamwambia mtu na sitapenda kulirudia. Simu ilipolia mara mbili ikakata, sikudhani ni stesheni. Nilijua ni wewe. Nilisema kwa sauti, "Amefika," nikatabasamu peke yangu. Na wakati natabasamu, mkono ulikuwa unazungusha gurudumu.

Kwa hiyo daktari amesema kweli, na wewe umesema kweli. Dakika ile sikuwa na uchaguzi wowote. Kichwa kilijua moja, mkono ukafanya jingine, na ukinirudisha pale mara mia nitafungua mara mia. Nimekubali. Lakini zile wiki tatu nilikuwa huru, Sindano, huru kabisa. Nimekaa kitini, sina haraka, ninayetaka kumwambia yuko nyuma ya ukuta anaimba vibaya. Hakuna mazoea yaliyonishika mkono pale. Nilijua na nikaahirisha, nikajua tena na nikaahirisha. Geti nililifungua siku hizo, si Jumatatu. Ndiyo maana karatasi ya wakili siisaini. Kila neno lake ni la kweli na yote kwa pamoja ni uongo.

Sasa nisikilize. Usije tarehe 28. Wakiniuliza nitasema nilifungua. Jina lako halimo popote, simu ile ni ya zamani, haihifadhi namba. Umeanza kazi juzi tu. Hakuna mtu atakayekulazimisha kusema chochote. Hili ni ombi, na pia ni amri ya kaka.

Kaka yako

*

Chumba nambari 9, 24 Aprili

Kaka,

Ombi nimelipokea, amri nairudisha.

Unataka wewe peke yako ndiye uwe mtu aliyefanya jambo, na mimi niwe mlio wa simu. Sikubali. Uliponishika bega mlangoni hukunishika ili nije kuwa mlio wa simu.

Umeandika kwamba hakuna atakayenilazimisha. Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Miezi hii miwili nimekuwa nikitafuta kila kitu kilichonisukuma siku ile, uchovu, basi, njaa, mpaka kiti kilichoniumiza mgongo. Sasa natafuta kinachonisukuma nije huko na sikipati. Kazi inanivuta nibaki, woga unanivuta nibaki, na wewe umeniamuru nibaki. Nakuja.

Nimeomba ruhusa ya siku nne, msimamizi amenipa mbili.

Sindano

*

Chumba nambari 9, 19 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Nimeambiwa barua zenu zinasomwa kabla hazijawafikia, basi anayesoma naye namsalimu, na akupe hii ikiwa nzima.

Siku ya hukumu, baada ya sisi wawili kusema yote mbele ya hakimu, walikupitisha mlango wa nyuma, sikupata hata kukushika mkono. Nilikuwa nimejiandaa kusikia miaka, ikaja miezi minane. Wakili alinikuta uani akaniambia, taratibu, kwamba hakimu amepunguza kwa sababu ulisema kweli, lakini ungesaini ile karatasi ungekuwa nyumbani. Nikamwambia najua. Akalegeza tai. Mimi sheria haina la kunifanya, kama ulivyosikia hakimu akisema. Sikujisikia vizuri aliposema hivyo. Nilijisikia nimeachwa nje.

Wifi amerudi kuongea. Neno la kwanza aliuliza kama mnapewa blanketi, kwa sababu ya kifua chako. La pili siliandiki, lilikuhusu wewe na ukaidi wako, lakini alilisema huku anakukunjia soksi.

Ninachotaka kukuambia hasa ni kilichotokea kwenye korido baada ya kukuondoa, maana hukukiona.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Mama wa maziwa akaja na magongo yake mawili, mapya bado, moja lina karatasi ya dukani. Ilimchukua muda kufika. Nilitaka kuinuka nimsaidie, nikaogopa. Akakaa upande wa pili wa benchi, akayalaza magongo chini.

Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyepiga ile simu?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Na kaka yako alikuwa anajua milio imebadilika, asikuambie?"

"Alijua wiki tatu. Na mimi nilijua saa bado haijafika. Niliiona ukutani."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu anayehakikisha kitu alichokisikia ndani ya mahakama. Kisha akaanza kusema, hanitazami, anatazama ukuta wa mbele wenye tangazo la usitupe takataka.

"Tangu mwezi wa tatu wamekuja kwangu watu wa kila aina, mwanangu. Mtu wa reli akaniambia ni kona. Stesheni masta akaniambia ni ratiba. Daktari akaniambia ni mazoea, akanichorea na picha ya kichwa. Wote wana adabu, wote wanaleta sukari. Wakiondoka nabaki na mguu mmoja na hakuna aliyefanya kitu. Unajua ilivyo kazi kuikasirikia kona? Nimeikasirikia miezi miwili. Nimechoka."

Nilikuwa nalia na nilijua si haki yangu kulia mbele yake, kwa hiyo nikajifuta na mkono wa blauzi.

Akaokota magongo, moja kwanza, halafu la pili, akajiinua mwenyewe. Safari hii nilinyoosha mkono, akaukataa. Akasimama mbele yangu akanipa ujumbe wako, nami nauandika kama alivyousema, sijaongeza wala kupunguza:

"Mwambie kaka yako sijamsamehe. Na wewe sijakusamehe. Lakini sasa angalau nina watu wa kuwasamehe, nikiamua."

Mdogo wako,
Sindano